Gregory, karani wa sufu aliyesoma kuta za Bonde la Ufa

JINA la Bonde Kuu la Ufa limezoeleka mno vinywani mwa Wakenya, hata ni wachache wanaokumbuka kwamba lilienezwa na John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyepita eneo hilo kwa miguu mwaka wa 1893.

Gregory alizaliwa London Januari 27, 1864, mwana wa mfanyabiashara wa sufu. Alipotimu miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara hiyo hiyo. Mchana alishughulika na mauzo ya sufu, jioni akahudhuria masomo katika chuo cha Birkbeck. Mwaka wa 1887 aliajiriwa na jumba la makumbusho la London.

Mwaka wa 1892 alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa uliokusudia kuingia nchi ya Wasomali. Msafara huo ulisambaratika. Badala ya kurudi kwao, Gregory alijiandalia msafara wake mdogo kutoka Mombasa, akiwa na wapagazi wapatao 40. Walipita Naivasha, wakafika Ziwa Baringo, kisha wakavuka Laikipia hadi Mlima Kenya, ambako alipanda mpaka kwenye barafu. Bonde likaja kuitwa kwa jina lake; wapagazi waliobeba mizigo na mawe yake hawakupata hata kilima.

Swali lililomsumbua lilikuwa moja: ni nini kilicholifanya bonde hili? Mito huchimba mabonde, lakini hapa kuta zilisimama kama ngazi, na tabaka za miamba zilikatika ghafla ukingoni. Gregory aliamua kwamba ardhi ilipasuka katika nyufa mbili sambamba na kipande cha katikati kikadidimia. Eduard Suess wa Vienna alikuwa amekwisha kudokeza hayo mwaka wa 1891, akitegemea taarifa za wasafiri. Gregory alikwenda mwenyewe na nyundo mkononi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1896.

Alikuwa profesa Melbourne, kisha Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Alirejea Kenya mwaka wa 1919, wakati ambapo reli ilikuwa imekwisha kupita Nakuru. Si kila alichoandika kinastahili sifa. Mwaka wa 1925 alichapisha kitabu kilichotetea kutenganishwa kwa watu kwa rangi zao, na doa hilo halifutiki kwa ustadi wake wa miamba.

Januari 6, 1928, tetemeko kubwa liliipiga Subukia, kaskazini mwa Nakuru, na kuacha ufa wa karibu kilomita 38 juu ya ardhi. Ilikuwa dhahiri kwamba bonde bado linasogea. Hata hivyo wataalamu hawakukubaliana. E. J. Wayland wa Uganda na Bailey Willis wa Marekani walishikilia kwamba ardhi ilibanwa kutoka pande mbili, wala haikuvutwa. Kwa macho na nyundo pekee, ubishi huo haungekwisha.

Gregory hakuuona mwisho wake. Juni 2, 1932, akiwa na umri wa miaka 68, mashua yake ilipinduka katika mto Urubamba nchini Peru, akafa maji.

Jibu lilitoka chini ya ardhi. Katika mradi wa KRISP, hasa mwaka wa 1985 na 1990, wanasayansi wa Kenya, Ulaya na Marekani walilipua baruti, zikiwemo zile zilizozamishwa ziwani, na kupanga vyombo vya kunasa mitetemo kando ya bonde. Kazi yenyewe ni kuonyesha, katika kila mstari wa mtetemo, nukta ambapo wimbi la kwanza limewasili. Programu ya kompyuta husaidia kuitambua, lakini upepo au lori barabarani huweza kuidanganya, na kosa la sehemu ndogo ya sekunde hupotosha picha nzima. Wimbi huchelewa katika mwamba wenye joto na huharakisha katika mwamba mgumu na baridi. Kanuni ni hiyo hiyo mawimbi yanapopitishwa kutoka kisima kimoja kilichochimbwa hadi kingine.

Nyakati hizo zilipokokotolewa, gamba la dunia lilionekana kuwa na unene wa kilomita 35 hivi kusini, upande wa Naivasha, na kupungua hadi kama 20 tu chini ya Turkana. Ardhi iliyobanwa hunenepa. Hii ilikuwa imevutwa ikakonda, jinsi karani yule wa sufu alivyokisia.