Howard Staunton, bingwa aliyeanzia ubavuni

Wachezaji wa ajua huko Migori na Homa Bay huanza pande zote mbili zikiwa na mbegu sawa. Katika sataranji, usawa huo hudumu kitambo endapo anayeanza atasogeza askari wa ubavuni na mpinzani amwige.

Mwanzo huo wa ubavuni uliitwa wa Kiingereza kutokana na Mwingereza Howard Staunton. Mwaka 1843 Mfaransa Saint-Amant alimshinda jijini London. Staunton akamfuata Paris, akautumia mwanzo huo, akashinda michezo 11 na kupoteza sita.

Mwaka 1858 Paul Morphy alitoka Marekani kumtafuta. Staunton, aliyekuwa akihariri tamthilia za Shakespeare, aliahirisha hadi pambano likafa. Udhuru ambao wengi hawakuusadiki. Alifariki London mnamo Juni 22, 1874.