Marehemu Robert Wangila, Bondia wa Dhahabu

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma habari za washairi na mashujaa wa kale wa Pate, Siyu na Faza. Safari hii nimeomba nafasi nieleze habari za shujaa wa namna nyingine. Huyu hakushika kalamu wala upanga. Silaha yake ilikuwa ngumi mbili tu, na jina lake Robert Napunyi Wangila.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hapa kwetu kisiwani, michezo ya Kenya ikitajwa, wengi husema nishani ni mali ya wakimbiaji wa bara, watu wa milimani. Ati sisi tunaokanyaga mchanga na matope ya mikoko tutaonekana wapi? Maneno haya huwavunja moyo vijana wengi. Wangila ni jawabu lake, maana hakutoka milimani wala hakukimbia.

Marehemu alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alikulia katika mji ambao ndondi zilikuwa mchezo wa vijana wa mitaani. Mchezo huu hautaki mali. Ukipata glavu za kuazima, gunia la kupiga na mtu wa kukuonyesha, umekwisha kuanza. Lakini ukishaanza ndipo utakapojua kuwa si mchezo! Ni kuamka alfajiri, kujinyima chakula ili uzani usizidi, na kupigwa kila siku na wenzako kabla hujajua kupiga.

Tena nyayo za kufuata zilikuwapo. Philip Waruinge alikwisha kuiletea Kenya nishani ya shaba kule Mexico mwaka wa 1968 na ya fedha kule Munich mwaka wa 1972. Baadaye Kenya haikwenda Montreal mwaka wa 1976 wala Moscow mwaka wa 1980, kwa sababu ya siasa za dunia, na mabondia wengi hodari wa wakati ule wakakosa bahati yao. Ilipofika miaka ya themanini, timu ya taifa iliyoitwa Hit Squad ilikuwa ikiogopwa Afrika nzima. Wangila alikuwa mmoja wao.

Mwaka wa 1988 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul, Korea Kusini. Wakenya wengi macho yao yalikuwa kwa wakimbiaji, na kweli hawakutuangusha. Paul Ereng alishinda mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000 na Julius Kariuki mbio za kuruka viunzi na maji. Hizo ni dhahabu nne. Ya tano ilitoka ulingoni. Wangila, akipigana katika uzani wa welta, yaani kilo 67, aliwatoa wapinzani wake mmoja baada ya mwingine mpaka fainali. Huko alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Msidhani huyu alikuwa mtu wa kubahatisha, la! Miaka minane baadaye Boudouani alikuwa bingwa wa dunia. Lakini siku ile, katika raundi ya pili, Wangila alimwangusha, na pambano likaishia hapo. Mwenzake Chris Sande naye akarudi na shaba ya uzani wa kati.

Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Tangu hapo Kenya imekwenda Olimpiki mara nyingi, mpaka Paris mwaka wa 2024, na dhahabu zake zote zimetoka katika riadha. Ile ya Wangila peke yake ndiyo isiyo ya riadha. Kijana wa miaka ishirini na moja!

Sasa tufikie upande wa pili wa hadithi, ambao ni mzito. Nishani haipikwi ikaliwa. Baada ya Seoul, Wangila alikwenda Marekani kutafuta riziki katika ndondi za kulipwa. Kazi hiyo ni tofauti mno na ile ya Olimpiki. Kule Seoul bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa na kupigana raundi tatu tu. Katika ndondi za kulipwa kichwa ki wazi, na raundi huweza kufika kumi au kumi na mbili. Zamani zilifika kumi na tano. Zikapunguzwa baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kupigwa Las Vegas mwaka wa 1982 akafariki. Tazameni mambo ya dunia: Wangila alipata utukufu wake nchini kwa Kim, na mauti yakamkuta katika mji ule ule yalikomkuta Kim.

Ilikuwa Julai 1994. Wangila alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Katika raundi ya tisa refa aliona amezidiwa, akalisimamisha pambano. Wangila hakuridhika, alitaka kuendelea. Muda si muda, akiwa nje ya ulingo, akapoteza fahamu. Damu ikivuja ndani ya fuvu, hukosa pa kutokea, ikaubana ubongo kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu huweza kusimama na kusema, kumbe ndani ameshaumia vibaya. Alipelekwa hospitali, lakini hakuamka tena. Alifariki akiwa na miaka ishirini na sita.

Hata maiti yake haikupumzika upesi. Marehemu alikuwa amesilimu, na kukazuka mvutano kuhusu azikwe kwa taratibu gani, za Kiislamu au za jamaa zake. Nchi iliyomshangilia mwaka wa 1988 ikawa inasoma habari za ugomvi wa kaburi lake.

Wako wanaosema kifo kile chatosha kuonyesha kwamba ndondi ni upuzi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Hapa kwetu tuna kirumbizi. Wawili huingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zikilia, wakaonyeshana ushujaa, kisha wakawapisha wengine. Mchezo ule wafunza uhodari na pia wafunza kupisha. Kasoro ya ndondi za kulipwa ni kwamba mwenye njaa hapendi kupisha, na mlipaji naye hapendi apishe. Kwa hivyo lawama si ya bondia peke yake. Ni ya sisi sote tunaopiga kelele mtu aendelee kupigwa.

Ndugu zangu wanafunzi, yatupasa kuyachukua mambo mawili. La kwanza, mlango wa heshima si mmoja, usikubali kuambiwa kuwa watu wa kwenu si wa jambo fulani. La pili, refa akisema basi, ni basi. Awe refa, awe mwalimu, awe mzazi, mara nyingi anayekuzuia anaona jeraha ambalo wewe mwenyewe hujalihisi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Robert Wangila, na atupe sisi nguvu za kushinda na akili ya kujua pa kukomea. Amin.