Christopher Saxton: Mchora Ramani Aliyezihifadhi Kaunti

Anayeitazama ramani ya kaunti ikining'inia ukutani aghalabu husahau kuwa chombo kinachoelea kimeundwa. Nyuma ya mistari na majina yake kuna miguu iliyotembea, macho yaliyotazama na, zaidi ya yote, masikio yaliyosikiliza. Hivyo ndivyo yalivyokuwa maisha ya Christopher Saxton, mtu wa kwanza kuzichora kaunti zote za Uingereza na Wales na kuzichapisha katika kitabu kimoja.

Saxton alizaliwa yapata mwaka wa 1540 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ukoo wake haukuwa wa makabaila. Katika ujana wake alimtumikia John Rudd, kasisi wa Dewsbury aliyekuwa na ujuzi wa ramani, na yaelekea kwamba hapo ndipo alipojifunza kazi hiyo.

Katika miaka ya 1570, serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ilihitaji kuifahamu nchi iliyoitawala na kuilinda dhidi ya maadui. William Cecil, mshauri mkuu wa malkia, aliiunga mkono kazi ya upimaji, naye Thomas Seckford, ofisa wa mahakama, akaigharimia. Saxton ndiye aliyekabidhiwa jukumu hilo.

Alipoingia Wales mwaka wa 1576, alibeba barua ya baraza la malkia. Barua hiyo iliwaagiza mahakimu na mameya wampeleke kwenye minara na vilima vyenye upeo mpana, akiandamana na wenyeji wawili watatu waaminifu walioijua nchi yao. Aidha, alistahili kupewa mpanda farasi aliyezungumza Kiwelisi na Kiingereza ili amwongoze hadi mji wa soko uliofuata. Maadamu Saxton alikuwa mgeni, kila jina alilolipata lilipitia kinywa cha mwenyeji kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kitabu chake kilikamilika mwaka wa 1579, kikiwa na ramani 34 za kaunti 52, pamoja na ramani moja ya nchi nzima. Mwanahistoria wa mahali huviona humo vijiji, mito, madaraja na mbuga za kulungu zilizozungushiwa ua. Vijiji vingi havikuwa vimewahi kuonekana katika ramani yoyote iliyochapishwa.

Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na upungufu. Barabara hazimo, na milima imechorwa kama vichuguu bila kuzingatia kimo chake. John Norden ndiye aliyetia barabara katika ramani yake ya Middlesex ya mwaka wa 1593. John Speed naye, katika kitabu chake cha miaka ya 1611 na 1612, aliazima mengi kutoka kwa Saxton. Kwa hiyo, jina lililosikiwa vibaya mara moja liliweza kurithiwa na vizazi vya wachoraji. Ndiyo maana mtafiti makini huilinganisha ramani na hati nyingine pamoja na matamshi ya wenyeji.

Saxton alirejea Yorkshire, akaendelea kupima mashamba na mipaka iliyozozaniwa hadi alipofariki yapata mwaka wa 1610. Jina lake lilichapishwa kwenye ramani zake. Wenyeji waliomtajia majina ya vilima na vijiji vyao hawakutajwa popote katika ramani hizo, ilhali maneno yao ndiyo yanayosomwa humo hadi leo.