Tom Mboya na Chupa ya Maziwa

Jina la hayati Thomas Joseph Mboya linapotajwa, wengi wetu humkumbuka waziri kijana mwenye suti safi, hodari wa kusema jukwaani, aliyewatafutia vijana wetu ndege ya kwenda kusoma Marekani, na aliyeuawa kwa risasi mchana kweupe mjini Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kazi aliyosomea. Mboya alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kuchungulia majiko, mabucha na maziwa ya watu, na kusema hiki kinafaa kuliwa na hiki hakifai.

Jambo hili nilikumbushwa Jumapili moja huko Kibuye, Kisumu, na rafiki yangu ambaye naye ni bwana afya mstaafu. Alikuwa amenialika chakula cha jioni katika mkahawa mdogo karibu na soko. Wasomaji wanaoijua Kibuye wanajua jinsi soko lile linavyofurika siku ya Jumapili, na jinsi majiko ya pembeni yanavyopamba moto wachuuzi wanapofunga mizigo yao. Rafiki yangu alikuwa amemwomba mama mwenye mkahawa asituletee vyakula vyote kwa pamoja kama ilivyo desturi, bali kimoja kimoja, ili kila kimoja tukijue kwa ladha yake. Kabla ya kuketi alikwenda kwanza kutazama jiko na mtungi wa maji. Mazoea hayastaafu.

Tulianza na supu ya samaki yenye pilipili kidogo. Ikafuata omena iliyokaangwa kwa nyanya na vitunguu. Kisha ikaja aliya, ile nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani hata ikakauka, ikapikwa polepole na kutiwa samli. Hapo tulinyamaza kwa muda, maana aliya haipendi mazungumzo. Baadaye kipande cha mbuta, samaki ambaye Mboya hakumjua utotoni mwake, kwa kuwa aliletwa katika ziwa letu miaka ya 1950. Mwisho ukatua mezani ngege mzima wa mchuzi, na kuon ya mtama, na mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyotiwa maziwa ikalala hadi uchungu wake ukaisha.

Ni maziwa hayo yaliyomtia rafiki yangu katika habari za Mboya. Aliweka kijiko chini akanieleza kwamba kila bwana afya wa rika lake alianza kazi akiwa amesikia kisa cha chupa ya maziwa.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mzee Leonardus Ndiege, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa ameajiriwa katika shamba la mkonge la mlowezi. Mama yake aliitwa Marcella. Mtoto akasomea kwa Wakatoliki, kwanza Kabaa, kisha Yala, kisha Mangu. Fedha za kuendelea zilipokosekana, aliingia mwaka 1948 katika mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete, kwa sababu mwanafunzi alilipwa posho kidogo huku akisoma. Akafuzu, na mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Hapo alikuta mabwana afya wa aina mbili. Mzungu alipokea mshahara ambao Mwafrika wa kazi ileile aliuona kwa macho tu. Siku moja Mboya alikuwa peke yake katika maabara akipima maziwa. Akaingia mama mmoja wa Kizungu na chupa yake ya kupimwa. Alitazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu mle ndani. Kijana yule alikuwa amesimama mbele yake. Mboya akamwuliza kama macho yake yana hitilafu. Mama yule alitoka kwa hasira akaenda kukusanya sahihi za watu ili kijana afukuzwe kazi.

Nadhani kisa hiki kinatufunulia mambo mengi kuliko hotuba zake zote. Siku zile Mwafrika alikuwa na ruhusa ya kupika katika hoteli kubwa za Nairobi na kuwapelekea wageni sahani moja baada ya nyingine, lakini kuketi na kuandaliwa hakuruhusiwa. Huyu naye alikuwa amepewa na sheria mamlaka ya kuamua maziwa ya Mzungu yanyweke au yamwagwe, na bado hakuonekana.

Mboya aliingia katika chama cha wafanyakazi wa halmashauri, na hakurudi nyuma tena. Chama cha KAU kilipopigwa marufuku Juni 1953, wakati wa Hali ya Hatari, vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki na sauti, naye akawa katibu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 aliwasimamia makuli wa bandari ya Mombasa waliogoma, wakaongezewa mshahara. Mwaka huohuo alikwenda Ruskin, chuo cha wafanyakazi kule Oxford. Machi 1957 wapiga kura wa Nairobi walimchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, akiwa na miaka 28.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakafuata wengine, miongoni mwao Wangari Maathai, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Baada ya Uhuru Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi. Wapo waliomwona mwenye majivuno na mpenda Marekani kupita kiasi. Hata hapa Kisumu, mji wa Jaramogi Oginga Odinga aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, si wote waliompenda alipokuwa hai.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga. Nahashon Njenga alihukumiwa kwa mauaji hayo akanyongwa Novemba mwaka huo. Inasemekana aliwauliza polisi mbona hawamwendei yule mkubwa, na mkubwa huyo hajatajwa jina hadi leo.

Uchungu ulikuwa bado mbichi Rais Kenyatta alipokuja Kisumu tarehe 25 Oktoba 1969 kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Palitokea ghasia, askari wakafyatua risasi, na watu wengi wakafa, wakiwamo watoto. Hospitali yenyewe iko barabara ya Kakamega, si mbali na soko la Kibuye. Imepewa jina la Jaramogi, lakini wenyeji wangali wanaiita Russia.