Sidi Mubarak Bombay: Kiongozi wa misafara aliyewekwa pembeni na makala za televisheni

MWISHONI mwa mwaka 1861, msafara uliokuwa umepungukiwa na wapagazi, vitambaa na subira uliingia katika himaya ya Usui. Hilo ndilo jina ambalo watu wa pwani waliiita nchi ya Rusubi, ambayo sehemu kubwa yake leo imo katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, jirani na Ngara.

Vitabu huuita msafara wa John Hanning Speke na James Grant, maofisa wawili wa Kiingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Lakini aliyekwenda mbele kusema na wajumbe wa mtawala wa Usui, aliyehesabu doti za nguo na masango ya hongo, na aliyerudi hemani na majibu, alikuwa Mwafrika mwenye meno yaliyochongwa, Sidi Mubarak Bombay.

Wapenzi wa makala za historia za televisheni huenda wamewahi kumwona bila kumtambua. Mwaka 1971, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilirusha mfululizo wa sehemu sita kuhusu utafutaji wa chanzo cha Nile, simulizi yake ikisomwa na mwigizaji James Mason. Bombay yumo, lakini hadithi ni ya Burton, Speke, Baker, Livingstone na Stanley. Yeye hupita nyuma ya picha.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walioneshwa njia za Unyamwezi na Karagwe zaidi ya miaka 20 kabla ya wenyeji wa njia hizo kupata nafasi ya kutazama, achilia mbali kusahihisha.

Utoto uliokatizwa

Bombay alizaliwa takriban mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mahali ambapo leo Tanzania na Msumbiji zinapakana. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara wenye bunduki walikivamia kijiji chao wakidai deni, na wasioweza kukimbia walikamatwa.

Alipelekwa Kilwa, kisha Zanzibar, ambako alibadilishwa kwa nguo na kusafirishwa hadi pwani ya magharibi ya India. Jina alilopewa na wazazi wake halikufika kwenye maandishi. Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika, Mubarak ni la Kiarabu, na Bombay ni mji unaoitwa Mumbai leo.

Bwana wake alipofariki, Bombay alipata uhuru na kurejea Zanzibar, si Uyao. Aliingia katika jeshi la Sultani na kupangwa kwenye kituo cha Chogwe, bonde la Mto Pangani. Hapo ndipo Richard Burton na Speke walipomkuta mapema mwaka 1857.

Kilichowavutia kwanza kilikuwa lugha. Speke alikuwa ametumikia jeshi nchini India na alifahamu Kihindustani, lakini hakujua Kiswahili. Bombay alizijua zote mbili. Tangu siku hiyo karibu kila neno ambalo Speke alilisikia barani Afrika lilipita kwanza katika kinywa cha Bombay.

Juni mwaka huo msafara uliondoka pwani, ukafika Kaze, ambayo leo ni Tabora, Novemba, na Ujiji Februari 1858. Burton alipobaki Kaze akiwa mgonjwa, Speke alielekea kaskazini akiwa na Bombay. Agosti 3, 1858 waliliona kutoka Mwanza ziwa ambalo Speke aliliita kwa jina la Malkia Victoria, ingawa lilikuwa na majina yake kwa wavuvi wa pande zote.

Ugomvi wa Burton na Speke juu ya ziwa hilo uligeuka kuwa moja ya hadithi zinazopendwa zaidi na watengenezaji wa filamu. Ulifikia kikomo Septemba 15, 1864, Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath, Uingereza. Aliyekuwa shahidi wa safari zote mbili za Speke ziwani hakualikwa kwenye mdahalo.

Siku za Usui

Safari ya pili ilianza mwaka 1860 na ndiyo iliyopita Biharamulo. Kabla ya kufika huko, Speke alilala mgonjwa kwa wiki nyingi huko Uzinza, huku machifu wadogo wakidai hongo. Bombay alirudishwa Kaze kutafuta wapagazi, kazi ya siku nyingi katika nchi iliyokuwa na vita vya mara kwa mara.

Ndani ya msafara kulikuwa na mgawanyiko. Baraka, aliyekuwa mpinzani wa Bombay katika uongozi, hakuwa na hamu ya kusonga mbele. Uvumi ulikuwa umezagaa kwamba Suwarora, mtawala wa Usui, amejiandaa kuwaua watu wote watakaotoka pwani. Wapagazi walitoroka usiku mmoja mmoja.

Uvumi ulikuwa mkubwa kuliko hatari yenyewe. Suwarora hakupigana, ila alijua thamani ya njia yake. Asiyepita kwake angepata taabu kufika Karagwe kwa Rumanika, na bila Karagwe hakuna Buganda. Maofisa wake walikuja, wakadai, wakaondoka, wakarudi tena na madai mapya. Mwenyewe hakujitokeza mbele ya wageni.

Majadiliano hayo yalikuwa na ngazi zake. Speke alisema Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, wakalimani wengine wakapeleka kwa lugha ya wenyeji, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Katika kitabu cha Speke mambo haya yote yanaonekana kama mazungumzo ya watu wawili. Mfululizo wa televisheni hauwezi kuwa na subira hiyo, na hapo ndipo unapompoteza Bombay. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa, kusikiliza na kupunguza hasira za pande mbili, jambo lisilo na picha ya kuvutia. Redio ingelimudu vizuri zaidi, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya sauti.

Msafara uliruhusiwa kupita, na Novemba 1861 ulipokewa kwa ukarimu na Rumanika wa Karagwe. Januari 1862 ulivuka Mto Kagera huko Kitangule, Februari ukafika kwa Kabaka Mutesa, na Julai 28, 1862 Speke akasimama mahali Nile inapotoka ziwani, Jinja ya leo.

Yapo mambo mawili ambayo hayakosi uzito kwa msomaji wa Ngara. Mito ya Ruvubu na Nyabarongo hukutana karibu na Rusumo, wilayani humo, na kuufanya Mto Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Chimbuko la Ruvubu nchini Burundi huhesabiwa na wengi kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Msafara ulipita mashariki ya maporomoko hayo ukitafuta kaskazini maji ambayo baadhi yake yalikuwa yakinguruma upande wake wa kushoto.

Jambo la pili ni kwamba kamera za dunia zilifika Rusumo kwa sababu nyingine kabisa. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja kutoka Rwanda ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya kimbari. Mwaka 1995 ilianzishwa Radio Kwizera huko Ngara, chini ya Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, ikitangaza kwa lugha za pande zote za mpaka. Eneo ambalo Bombay alihitaji wakalimani kadhaa ili aeleweke lilipata chombo chenye lugha kadhaa chini ya paa moja.

Sifa, ngumi na medali

Uhusiano wa Bombay na mabwana wake haukuwa wa upole kama filamu zinavyopenda kuonesha. Speke alimsifu kwa uaminifu, lakini katika safari hiyo hiyo alimpiga ngumi mbele ya wapagazi aliokuwa akiwaongoza. Bombay naye alikunywa pombe, aligombana, na hakuwa mwepesi kutekeleza amri aliyoiona ya kipuuzi.

Hata hivyo, hakuuacha msafara. Februari 1863 walifika Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, kisha wakashuka na Nile hadi Cairo. Waliobaki katika kundi la pwani hawakufika 20. Walipigwa picha mjini humo na kurudishwa Zanzibar kwa meli. Chama cha Kijiografia cha Kifalme mjini London kilimtunuku Bombay medali ya fedha, na wenzake zile za shaba.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimwajiri kuwa mkuu wa walinzi katika safari ya kumtafuta Dkt. David Livingstone, aliyepatikana Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Stanley hakumpenda na alimwadhibu kwa viboko. Picha mbaya ya Bombay katika simulizi nyingi za baadaye inatokana zaidi na kalamu hiyo.

Safari yake ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo na Verney Lovett Cameron. Tabora walikutana na Chuma na Susi wakiubeba mwili wa Livingstone. Wenzao kadhaa walirudi pwani, lakini Bombay aliendelea, na Novemba 1875 akaiona Bahari ya Atlantiki huko Angola. Safari zake zote zinakadiriwa kufikia kilomita 9,600, nyingi kwa miguu.

Mwaka 2009 chama hicho cha London kiliandaa maonesho kuhusu watu waliofichwa katika historia ya uvumbuzi, na mwaka 2022 mwandishi wa Marekani, Candice Millard, alitoa kitabu kinachomweka Bombay sambamba na Burton na Speke.

Mwaka 1876 alipewa pensheni, akaishi Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1885. Mwaka huo huo Ujerumani ilitangaza himaya yake katika nchi alizozipita, na baadaye ikajenga boma lake Biharamulo.