Edward Saidi Tingatinga: Kibarua aliyeiachia Tanzania jina la sanaa

Katika historia ya uchoraji nchini Tanzania, hakuna jina linalotajwa na wenyeji na wageni kwa wepesi kama la Edward Saidi Tingatinga. Jina hilo, ambalo katika Kiswahili ni la mtambo wa kulimia na kusafishia njia, leo ni jina la mtindo mzima wa sanaa unaotambulika kwa wanyama wenye madoa, rangi zinazong'aa na mistari iliyo wazi. Hata hivyo, mwenye jina hilo alishika brashi kwa muda wa miaka minne tu, kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, na maisha yake kabla ya hapo yalikuwa ya kibarua mmoja miongoni mwa maelfu waliotoka kusini mwa nchi kutafuta riziki.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru, eneo ambalo hivi sasa liko katika Mkoa wa Ruvuma. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Majina yake mawili ya kwanza, Edward na Saidi, yalibeba dini mbili zilizokutana katika nyumba moja, Ukristo wa mama na Uislamu wa baba. Familia iliishi kwa kilimo cha jembe la mkono. Kijana huyo alipata elimu ya shule kwa miaka michache tu, kisha akarudi shambani kama walivyofanya watoto wengi wa wakulima wa wakati ule.

Katika miaka ya 1950, vijana wa kusini waliotaka fedha taslimu za kulipia kodi, kununua nguo au kutoa mahari walikuwa na njia chache. Njia iliyojulikana zaidi ilikuwa ile ya kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa zao hilo, na mashamba yake yalitegemea manamba kutoka mikoa ya mbali. Mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulipatikana pale tu siku zote zilipojazwa. Tingatinga alikuwa mmoja wa waliokwenda huko. Kazi ya kukata majani yenye miiba chini ya jua la Tanga haikuwa na mwisho unaoonekana, na mwishoni mwa muongo huo aliiacha akaelekea Dar es Salaam.

Mjini alipata kazi za nyumbani na bustani kwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, Mwingereza, katika maeneo ya pwani ya kaskazini ya mji. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 na maofisa wa kikoloni wakaanza kurejea kwao, ajira za namna hiyo zilipungua. Tingatinga alilazimika kuishi kwa vibarua vya hapa na pale, na baadaye akapata kazi ya ngazi ya chini katika Hospitali ya Muhimbili. Alikuwa amevuka umri wa miaka 30 bila kumiliki ardhi wala cheti cha fundi, na makazi yake yalikuwa Msasani, katika nyumba za kawaida zilizopakana na majumba ya Oysterbay.

Ujirani huo wa Msasani na Oysterbay ndio uliomfungulia mlango. Katika mitaa ya Oysterbay waliishi wanadiplomasia, wataalamu wa kigeni na maofisa wa serikali mpya. Watu hao walifanya manunuzi katika duka lililojulikana kama Morogoro Stores, kando ya barabara ambayo leo ni ya Haile Selassie. Nje ya duka hilo, chini ya mti, wachuuzi waliuza matunda, mboga na vitu vya mapambo. Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa tayari na soko la sanaa. Wachonga vinyago wa Kimakonde, ambao wengi wao walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, walikuwa wamepata wateja wa nchi za nje, na michoro ya wasanii kutoka Kongo ilikuwa ikitembezwa mitaani na kuuzwa kwa wageni. Tingatinga aliiona michoro hiyo, akaona pia bei zake, akaamua kujaribu.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa amepita katika chuo chochote cha sanaa, wala hakuwa na uwezo wa kununua kitambaa maalumu cha kuchorea au rangi za mirija zilizoagizwa kutoka Ulaya. Alitumia vifaa vilivyopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ubao wake ulikuwa hadibodi, ile iliyotumika kutengenezea dari za nyumba. Rangi yake ilikuwa ya mafuta yenye kung'aa, iliyouzwa katika makopo madogo kwa ajili ya kupaka baiskeli. Bao kubwa la futi nane kwa nne lilitoa vipande vinane vya mraba, kila kimoja futi mbili kwa mbili, bila kubaki hata kipande cha kutupa. Kipimo hicho cha mraba, ambacho leo huhesabika kuwa alama ya mtindo wake, kilikuwa kipimo cha mtu anayepiga hesabu ya kila senti.

Utaratibu wa kazi nao ulitokana na vifaa. Kwanza ubao ulipakwa rangi ya chini, mara nyingi moja tu kwa upana wote, ukaachwa ukauke. Kisha alichorwa mnyama mmoja mkubwa aliyejaza sehemu kubwa ya ubao, awe tembo, chui, nyati, twiga au ndege. Mwili ulijazwa rangi, ukaachwa tena, na mwisho yakaja madoa, mistari na macho. Kwa kuwa rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa upole kama rangi za wachoraji wa vyuoni, na huchukua muda kukauka, hapakuwa na nafasi ya vivuli vilivyofifizwa kidogo kidogo. Kila rangi ilisimama peke yake kando ya mwenzake. Tingatinga hakuupigania upungufu huo. Alipanga picha zake kuufuata, na matokeo yake yakawa michoro inayoonekana vizuri kutoka upande wa pili wa barabara, jambo lenye faida kubwa kwa muuzaji asiye na duka.

Wanyama hao hawakuchorwa kama wanavyoonekana katika picha za kamera. Chui wake ana macho makubwa yanayomtazama mtazamaji moja kwa moja, na tembo wake husimama kama mzee wa ukoo. Ni wanyama wa simulizi za jioni na wa kumbukumbu za mtu aliyekulia Tunduru, mahali ambapo tembo aliyeingia shambani alikuwa hatari ya kweli kwa chakula cha mwaka mzima. Wageni walionunua michoro hiyo walipeleka kwao sura ya mbuga. Aliyeichora alikuwa na sababu za zamani zaidi za kumtazama mnyama kwa makini.

Mauzo yalikuwa kazi ya familia. Mke wake, Agatha Mataka, alikuwa mshiriki mkubwa wa shughuli hiyo. Yeye ndiye aliyekaa Morogoro Stores akiwa na michoro, akizungumza na wateja na kupokea fedha, huku mume akiendelea kuchora. Mgawanyo huo uliwezesha nyumba moja kuwa karakana, ghala na duka kwa wakati mmoja. Picha ziliposhamiri, Tingatinga aliacha kutegemea mshahara na kuanza kuishi kwa brashi yake.

Maisha ya msanii asiye na mwajiri yalifuata majira ya mwaka. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, ilileta watalii, na Julai ilileta sherehe za Saba Saba na maonesho yake ya biashara, wakati ambapo mji ulijaa watu kutoka mikoani na nje ya nchi. Miezi ya masika ilikuwa kinyume chake. Hadibodi ikinyeshewa huvimba kingo, rangi huchelewa kukauka katika hewa yenye unyevu, na mnunuzi hashuki garini kutazama picha chini ya mti unaodondosha maji. Mchoraji alilazimika kuweka akiba ya kazi wakati wa mvua ili auze jua litakapowaka, huku akijua kwamba chakula cha leo hakingoji kiangazi.

Hali ilibadilika pale michoro yake ilipofika machoni pa taasisi za umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na sanaa nayo ikawekewa chombo cha kuinunua na kuiuza. Kampuni ya National Arts of Tanzania, iliyokuwa chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo, ilianza kununua michoro ya Tingatinga na kuitafutia wateja. Kwa mara ya kwanza mchoraji huyo alikuwa na mnunuzi mwenye ofisi, na kazi yake ikatoka kivulini na kuingia katika maduka na maonesho.

Neema hiyo ilikuja na mzigo wake. Mnunuzi wa chini ya mti huchukua kilichopo, lakini kampuni inataka mali ya kutosha na kwa wakati. Mikono miwili haikuweza tena kukidhi mahitaji. Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa zake, wengi wao wakiwa vijana wa kusini waliokuja mjini kama alivyokuja yeye, akawafundisha. Miongoni mwa wa mwanzo walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo na Simon Mpata. Walijifunza kwa kuketi kando yake, kukata bao, kupaka rangi ya chini, kujaza miili ya wanyama na hatimaye kuchora picha kamili. Hapakuwa na ada wala mtihani. Yalikuwa mafunzo ya kiukoo, ya namna ile ambayo fundi wa chuma au msusi wa mikeka hupokeza kazi yake kwa kizazi kinachofuata.

Mwaka 1972, wakati jina lake likianza kufahamika na mapato yake yakipanda, maisha ya Tingatinga yalikatishwa ghafla. Akiwa katika gari usiku jijini Dar es Salaam, alipigwa risasi na askari polisi waliodhani kuwa gari hilo lilikuwa la wahalifu waliokuwa wakitoroka. Halikuwa gari la wahalifu. Mchoraji huyo alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 40, akamwacha mjane, watoto na kundi la wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa bado hawajakomaa katika kazi.

Kifo hicho kingeweza kuwa mwisho wa habari. Mtindo ulikuwa na umri wa miaka minne, hapakuwa na kitabu kilichoueleza, wala jengo lililouhifadhi. Kilichobaki ni mti wa Morogoro Stores na vijana waliojua namna ya kupaka rangi ya chini. Vijana hao waliamua kubaki pale pale na kuendelea. Walilitumia jina la mwalimu wao kuitambulisha kazi yao, wakafundisha wengine, na wale wengine wakafundisha wengine tena. Simon Mpata alihamia Kenya na kuupeleka mtindo huo Nairobi. Mwaka 1990 wachoraji wa Oysterbay walipata usajili wa chama chao cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society, ambacho kiliwapa mahali pa kufanyia kazi na sauti moja mbele ya wanunuzi.

Kadiri miaka ilivyopita, picha ziliongezeka maudhui. Mnyama mmoja wa Tingatinga alizaa makundi ya wanyama, kisha vijiji, masoko, hospitali na mitaa yenye msongamano. Michoro hiyo ilienea Zanzibar, Arusha na Mombasa, ikapendwa sana Japani na katika nchi za Ulaya kaskazini, na mwaka 2010 ikawa chimbuko la mwonekano wa katuni za televisheni za watoto, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi.

Umaarufu huo umeleta swali ambalo bado linawagusa wasanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtu aliyechora picha fulani, lakini mtindo wenyewe, kama ilivyo duniani kote, ni mali ya kila anayeweza kuutumia. Sahihi ya marehemu imeghushiwa mara nyingi katika picha ambazo hakuzigusa, na thamani ya picha zake halisi imepanda kiasi ambacho yeye na mkewe wasingekiota walipokuwa wakisubiri wateja nje ya duka.

Vijana wanaochora leo kando ya Barabara ya Haile Selassie wengi wao walizaliwa baada ya kifo cha mwanzilishi. Wanafanya kazi kwa utaratibu ule ule wa rangi ya chini kwanza na madoa mwisho, wanahesabu miezi ya wageni na miezi ya mvua kama alivyoihesabu yeye, na wengi wao wanasomesha watoto kwa mapato hayo. Kibarua wa Namochelia hakuacha shamba wala nyumba ya ghorofa. Aliacha kazi, na kazi hiyo hadi sasa inalisha familia nyingi.