Lin Zexu na Adabu ya Kauli

Kauli ya kiongozi kuhusu mihadarati ipimwe kwa kipimo gani? Aghalabu sisi walimu huwaelekeza wanafunzi watazame upole wa maneno. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi, na shahidi wangu ni Mchina Lin Zexu.

Alizaliwa mwaka 1785 mjini Fuzhou, mwana wa mwalimu asiye na mali. Mwaka 1811 alifaulu mtihani wa juu kabisa wa dola, akaanza kupanda vyeo. Machi 1839 aliwasili Guangzhou, akiwa ametumwa na Kaizari Daoguang akomeshe biashara ya kasumba, ambayo wafanyabiashara wa Uingereza waliitoa Bara Hindi na kuiingiza China kwa magendo. Lin aliwazingira katika makao yao hata wakasalimisha makasha zaidi ya 20,000. Mwezi Juni aliiharibu shehena hiyo huko Humen kwa chumvi na chokaa, ikasombwa hadi baharini. Hata bahari aliiomba radhi kwanza kwa kuichafua.

Mwaka huo huo alimwandikia Malkia Victoria. Alimkumbusha kwamba China iliwauzia Waingereza chai na hariri zenye manufaa, akauliza ni haki gani kulipwa sumu. Akamtaka afikiri angejisikiaje kama wageni wangewauzia raia wake kasumba. Barua ilikuwa na kiburi cha dola iliyojiona juu ya mataifa yote. Lakini ilitoa hoja, na ilimchukulia mpinzani kuwa mtu mwenye dhamiri. Haikumfikia.

London nako, Aprili 1840, wabunge walijadiliana kwa taratibu zote za Bunge. William Gladstone aliishutumu vita hiyo kuwa ni aibu kwa nchi yake, lakini serikali iliponea kwa kura 9, na manowari zikaendelea na safari. Kwa Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, China ilipoteza Hong Kong na kutozwa dola milioni 21, zikiwamo milioni 6 za fidia ya kasumba ile.

Lin alitwikwa lawama, akafutwa kazi, akapelekwa uhamishoni Yili, magharibi ya mbali, ambako alisimamia uchimbaji wa mifereji ya kunyweshea mashamba. Alirudishwa kazini mwaka 1845, akafariki mwaka 1850.

Basi, mwalimu, uwekapo kauli mbili mbele ya darasa, usiulize tu ipi ni laini. Uliza ipi inatoa hoja inayoweza kujibiwa, na ipi inaficha mizinga nyuma ya staha.